Spider-Man watatu kwa buku moja: kibanda cha video cha Ngarenaro

Ubao ulioegemezwa mlangoni ulikuwa umeandikwa kwa chaki, herufi zake za chini zikiwa zimeanza kulowa kwa manyunyu: SPIDA 3 KWA MPIGO, JMOSI SAA 3 ASBH, BUKU TU, WATOTO JERO. Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, masika yamekolea, na Mlima Meru ulikuwa haujaonekana kwa siku tatu mfululizo. Nilikwenda na mpwa wangu mwenye umri wa miaka 13, ambaye ndiye aliyeniletea habari za onyesho hilo na ndiye aliyenikumbusha kila asubuhi ya juma zima kwamba nilikwisha ahidi. Kwa kuwa mwenye kibanda amesema atalirudia onyesho hilo Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi hadi filamu mpya itakapotoka, naona inafaa niwaeleze wakazi wenzangu wa Arusha watapata nini kwa shilingi 1,000 yao, na watakosa nini.

Filamu inayosubiriwa inaitwa Spider-Man: Brand New Day, mwongozaji wake ni Destin Daniel Cretton, na imepangwa kuingia katika kumbi za sinema tarehe 31 Julai 2026. Ile iliyoitangulia, No Way Home, ilitoka Desemba 2021, wakati mpwa wangu anamaliza darasa la tatu. Sasa yuko kidato cha kwanza na sauti imeanza kumkauka. Katika muda wote huo mashabiki wamebaki na kazi moja, nayo ni kuwapima waigizaji: Tobey Maguire aliyelivaa vazi lile katika filamu za 2002, 2004 na 2007, Andrew Garfield wa 2012 na 2014, na Tom Holland aliyeonekana kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na hajalivua mpaka leo. Mbele ya kibanda hicho kuna kijiwe cha bodaboda, na hapo nimeona kwa macho yangu dereva akimwachia mwenzake abiria wa Sakina ili apate kumaliza hoja yake kuhusu Garfield.

Kibanda chenyewe ni chumba kirefu cha mabati ambacho nyufa zake zimezibwa kwa magunia na turubai jeusi ili mwanga usiingie. Mabenchi ni ya mbao na hayana egemeo, na viti vitano vya plastiki vya mbele vimetengwa kwa ajili ya wanaoongeza jero. Televisheni ni ya inchi 55, imefungiwa ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, jambo linalomfanya kila anayeonekana humo, awe mwema au mwovu, afanane na mtu aliye mahabusu. Baada ya nusu saa jicho huzizoea nondo hizo na huzioni tena. Picha ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Sauti ya sabufa mbili ilitosha mpaka mvua ilipozidi juu ya bati, na hapo hata ndege ya kivita isingesikika. Choo ni cha nyumba ya jirani, na ufunguo wake, uliofungwa kwenye kipande cha ndara, unatunzwa na mama anayeuza bisi mlangoni. Bisi zake ni za moto, chumvi kiasi, kikaratasi shilingi 200, na sina neno juu yake.

Kinachokifanya kibanda hiki kistahili kuandikiwa ni mtafsiri wake. Vibanda vingi siku hizi huonyesha filamu zilizokwisha kuingizwa sauti ya mtafsiri, desturi ambayo sisi tuliokua na kaseti za mtafsiri Lufufu tunaifahamu vizuri. Hapa mtafsiri hukaa mwenyewe juu ya stuli kando ya kizimba, kipaza sauti katika mkono wa kulia na rimoti katika mkono wa kushoto, akiipunguza sauti ya filamu kila anapotaka kusema na kuirudisha anapomaliza. Ni kijana ambaye sidhani amefikisha miaka 30, na siku za kazi ni fundi wa simu. Hatafsiri sentensi kwa sentensi, bali hueleza, hutania, huonya, na pengine humgombeza stelingi anapofanya upuuzi. Maadui amewapa majina yake mwenyewe: Doctor Octopus ni Daktari Pweza, Green Goblin ni Zimwi la Kijani, na Electro, ambaye mwili wake wote umegeuka umeme, ni Bwana Luku.

Nilijua kwamba nimefika mahali penye akili pale alipomtaja Ben, yule mzee aliyemlea Peter Parker, kijana ambaye ndiye Spider-Man mwenyewe. Watafsiri karibu wote niliowahi kuwasikia humwita mjomba Ben. Huyu alimwita baba mkubwa, na kijana mmoja wa mabenchi ya nyuma akapaza sauti kumsahihisha.

"Dijei, huyo ni mjomba!"

Mtafsiri akasimamisha filamu. "Chalii yangu, mjomba wako ni wa ukoo wenu?"

"Hapana."

"Huyu mzee ni Ben Parker. Dogo ni Peter Parker. Ukoo mmoja. Atakuwaje mjomba?"

Watu walipiga makofi, nami, ambaye ni mjomba halisi wa mtoto niliyekuwa nimekaa naye na ambaye jina langu la ukoo halimo katika cheti chake cha kuzaliwa, sikuona pa kuitoboa hoja hiyo. Katika hadithi za picha, ambazo Stan Lee na Steve Ditko walizianza mwaka 1962, Ben ni ndugu yake Richard, baba mzazi wa Peter. Kiingereza hukusanya ndugu wa baba na ndugu wa mama katika neno moja, na mtafsiri mvivu huchukua la kwanza linalomjia. Lakini uzito wa kisa unabadilika mara moja. Kijana aliyemwacha mwizi apite, na mwizi huyo akamuua mjomba wake, amefanya kosa kubwa. Kijana ambaye uzembe wake umemuua baba yake mkubwa, aliyemlea kama mwana, ana deni la nyumba nzima. Ndivyo kisa kilivyo hasa, na ilibidi fundi simu wa Ngarenaro anionyeshe.

Kwa mantiki hiyo hiyo, May, mkewe Ben, alikuwa mama mkubwa, na Peter wa Maguire alipoingia ndani mtafsiri alimsalimisha kwa "shikamoo mama mkubwa", watoto wa benchi la mbele wakaitikia marahaba kwa niaba ya Rosemary Harris anayemwigiza. Katika filamu ya Holland, ambako May anaigizwa na Marisa Tomei, mtafsiri aligeuka akamwita mama mdogo. Kwa kanuni ni kosa, maana cheo cha May hufuata umri wa mumewe na si umri wa uso wake, lakini hakuna aliyelalamika, na mimi sikutaka kuwa mwalimu siku ya Jumamosi.

Kati ya filamu zote za Maguire waliichagua ile ya pili, ya mwaka 2004, na uchaguzi huo ulikuwa sahihi. Nilikuwa nimesahau kwamba sehemu kubwa ya filamu hiyo ni habari za mtu asiye na hela. Peter anapeleka piza, anachelewa kwa sababu amesimama kuwaokoa watoto wawili barabarani, mteja anakataa kulipa, na kazi inaota mbawa siku hiyo hiyo. Anarudi kwenye chumba chake cha kupanga akinyata, na mwenye nyumba, Bwana Ditkovich, anamdaka mlangoni na kumnyang'anya noti ya dola 20 aliyokuwa ameitunza ili imfikishe mwisho wa juma. Mtafsiri hapo hakuwa na kazi. Kibanda kizima kilipiga kelele "Kodi!" kabla Ditkovich hajafungua kinywa, na bodaboda mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea peke yake, kwamba mwenye nyumba wake huvaa singlendi kama hiyo hiyo.

Maguire anaigiza taratibu, macho yamemtoka, mabega yameshuka, na mtafsiri alimpa Kiswahili cha pole pole, chenye "samahani" nyingi. Wanaomcheka kwa uso wake anapolia wana haki ya kucheka, kwa kuwa ni kweli uso unamkunjamana kama shati lililolala ndani ya begi. Lakini tazama tukio la treni. Amesimama mbele ya behewa la kwanza, nyuzi zimenata kwenye majengo ya pande zote mbili, vazi linachanika, barakoa hana, na treni inasimama pembeni kabisa mwa shimo. Anazirai. Abiria wanampokea kwa mikono, wanampitisha juu ya vichwa vyao mpaka ndani, wanamlaza sakafuni, na mmoja anashangaa kwamba kumbe ni kijana tu. Mtafsiri, ambaye hakuwa amenyamaza hata dakika mbili tangu asubuhi, aliweka kipaza sauti mapajani na kuacha picha ijitafsiri. Namhesabia ukimya huo kuwa tafsiri bora kuliko zote za siku ile.

Filamu ya pili ilikuwa ya Garfield, ile ya mwaka 2014, na kwa haki sikuelewa kwa nini hawakuonyesha ya 2012. Katika ile ya kwanza kuna tukio la mtoto aliyenasa katika gari linaloning'inia darajani na kuwaka moto, ambapo Garfield anavua barakoa, anampa mtoto aivae ili apate nguvu ya kupanda. Tukio hilo moja lingemtetea kuliko dakika 142 za ya pili, ambayo imejazwa maadui kama daladala ya jioni. Hata hivyo Garfield ndani ya filamu mbovu bado anapendeza kutazamwa. Ni mrefu na mwembamba, viungo vyake vinakunjuka namna ambayo huwezi kumsahau buibui, na anapotania adui anatania kweli. Mtafsiri alimvisha lafudhi ya Chuga tupu, "aise" na "machalii" katika kila sentensi, na sijui kama mwigizaji aliyekulia Surrey, Uingereza, amewahi kupata makao mazuri zaidi ya hayo.

Kuelekea mwisho wa filamu hiyo Bwana Luku anauzima umeme wa mji mzima wa New York. Televisheni ikawa giza kama inavyotakiwa, ikarudi, tukaendelea kidogo, kisha ikawa giza tena na safari hii hakuna aliyeshtuka kwa muda, mpaka mtu wa karibu na mlango alipochungulia nje na kutangaza kwamba ni Ngarenaro nzima. Ilikuwa saa 7 na dakika 10. Jenereta ipo, imefunikwa kwa gunia nyuma ya jengo, lakini haikuwa na mafuta, na kijana aliyetumwa na kidumu alikwenda kwa mwendo wa mtu anayelipwa kwa siku. Tulikaa gizani saa nzima. Hilo ni kosa la wazi la huduma, na mwenye kibanda hawezi kuitupia lawama mvua, kwani mvua ya Aprili si mgeni Arusha.

Hata hivyo saa hiyo ya giza ndiyo iliyokuwa na mjadala niliokuja kuutafuta. Bodaboda wa nyuma yangu alianza kwa kumlilia Garfield, akisema kwamba ni fundi mzuri aliyepewa mbao zenye mchwa, na kwamba aliachishwa kazi kabla ya filamu ya tatu kwa makosa ya walioandika. Mpwa wangu akajibu, kwa adabu lakini bila woga, kwamba Maguire alikuwa na miaka 26 filamu yake ya kwanza ilipotoka na Garfield alikuwa na miaka 28, wakati Holland alichaguliwa akiwa na miaka 19. "Hao wengine walikuwa wanaonekana kama walimu wa zamu," alisema, na vicheko vikazunguka giza lote. Akaongeza kwamba Holland alianzia kwenye jukwaa la London, akicheza dansi katika mchezo wa Billy Elliot, na ndiyo maana sarakasi zake nyingi ni za mwili wake mwenyewe. Sikujua kwamba mtoto huyu anajua mambo hayo. Jedwali la kuzidisha la 12 bado linampiga chenga.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na ambaye vijana walimwamkia kabla ya kumpinga, alisema hawezi kumkubali kijana aliyenunuliwa kila kitu. Hoja yake ilikuwa kwamba Holland alipewa vazi na Tony Stark, yule tajiri wa Iron Man, akapewa miwani ya kuamuru mitambo ya kivita, akapandishwa ndege ya Stark, na hata alipokuwa anakufa alimlilia Stark. "Huyo ni mtoto wa bosi," mzee alisema. "Huwezi kumlinganisha na mpanga chumba." Kutoka mlangoni mama wa bisi akaunga mkono kwamba kati ya watatu hao ni Maguire peke yake aliyewahi kudaiwa, na kwamba yeye humwamini mtu aliyewahi kudaiwa.

Mashabiki wana msemo wao wa kumaliza ugomvi, kwamba Maguire ni Peter bora, Garfield ni Spider-Man bora, na Holland ndiye anayeshika yote mawili kwa wastani. Msemo huo uliletwa gizani pia, na ninauona ni wa uvivu, kwa sababu unamkata mtu mmoja vipande viwili kana kwamba anayevaa barakoa si yule yule anayekwepa mwenye nyumba. Mama wa bisi alikuwa karibu zaidi na ukweli. Kila mwigizaji kati ya hao alipewa hasara tofauti ya kubeba. Maguire alipewa umaskini, na akaubeba kwa mabega. Garfield alipewa msiba, na akaubeba kwa macho. Holland kwa muda mrefu alipewa mlezi tajiri, na mtu mwenye mlezi tajiri hana budi kungoja mpaka mlezi aondoke ndipo tujue uzito wake. Dalili tulikwisha ziona mwaka 2017, pale anapofukiwa na zege, anaomba msaada huku analia kama mtoto, kisha anauona uso wake katika dimbwi la maji, nusu yake ngozi na nusu barakoa, na kulisukuma zege mwenyewe. Mzee wa kiti cha plastiki alipokumbushwa tukio hilo alikiri kwamba halikuwa baya.

Umeme ulirudi saa 8 na dakika 10, kijana wa kidumu akatokea dakika tatu baadaye, na Gwen Stacy, mpenzi wa Peter wa Garfield, akafa. Anafia ndani ya mnara wa saa, kati ya magurudumu ya meno, uzi wa Garfield ukimfikia lakini ukiwa umechelewa kwa urefu wa kiganja. Mtoto mmoja alisema "kama mnara wetu", na ingawa mnara wetu wa saa wa katikati ya mji hautoshi kumwangusha hata paka, hakuna aliyecheka. Emma Stone, aliyemwigiza Gwen, na Garfield walikuwa wanapendana namna ambayo mtafsiri hakuhitaji kuieleza, na kaburini, majira yakibadilika nyuma ya mtu asiyebadilika aliposimama, sabufa zilikuwa kimya na mvua nayo, kwa bahati, ilikuwa imepungua.

No Way Home, filamu ya Holland ambamo Maguire na Garfield nao wanatokea, ilianza saa 9 kasoro dakika 10, na hapa lazima nifanye hesabu ambayo mwenye kibanda hakuifanya. Filamu hizo tatu kwa pamoja ni dakika 127, 142 na 148, yaani karibu saa 7, na hata ukiruka majina ya mwisho bado ni zaidi ya saa 6 na nusu. Alianza saa 3 na robo. Saa 11 jioni ana mpira wa Ligi Kuu ya Uingereza, ambao huingiza watu wengi kuliko Spider-Man yeyote na kwa kiingilio kinacholipwa upya. Mapumziko yakiingia, alijiachia nafasi isiyofika hata saa moja na nusu kwa ajili ya umeme, choo, mvua na mengineyo yote.

Kwa muda mrefu tulisahau hesabu hiyo. Mama mdogo May anapofariki, maneno yale maarufu kuhusu nguvu na wajibu, ambayo kila mtu aliyekuwemo ameyasikia kwa Kiingereza mpaka yamechuja, mtafsiri aliyageuza kuwa "aliyekabidhiwa rungu ndiye alindaye boma," na mzee wa kiti cha plastiki, ambaye kwa mashuka yake nadhani alijua rungu na boma kuliko sisi sote, aligonga fimbo chini mara moja. Garfield alipojitokeza kwenye duara la moto bodaboda wote walisimama, nasi wa nyuma hatukuona kitu kwa dakika nzima. Maguire alipotokea na nguo zake za kawaida, watu wazima ndio waliopiga kelele. Mtafsiri alikuwa na tatizo la kweli, Peter watatu wanaoitana Peter, na akalitatua kwa kuwafanya ndugu wa kuzaliwa: Maguire akawa kaka mkubwa, Garfield wa kati, Holland kitinda mimba. Hilo halikutoka mbali na filamu, kwani Garfield mwenyewe anasema humo kwamba siku zote alitamani kuwa na ndugu.

Ukitaka kulinganisha waigizaji, hakuna mahali pazuri zaidi ya hapo, kwa kuwa watatu wanasimama ndani ya picha moja. Nilimtazama Garfield. MJ, mpenzi wa Peter wa Holland, anaanguka, Holland anamkosa, na Garfield anaruka na kumdaka, anamtua chini, anamuuliza kama yuko salama, na sauti inamkwama. MJ, ambaye ni Zendaya, anamuuliza kama yeye mwenyewe yuko salama. Miaka saba kati ya filamu na filamu, na mtu huyo alikuwa bado anaanguka ndani ya ule mnara. Mwanamke aliyekaa mbele yetu, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno, alimgeukia jirani yake akamwambia, "Sasa amepumzika."

Ilipofika saa 11 kasoro dakika mbili Holland alikuwa ameomba dunia nzima imsahau Peter Parker, anga limepasuka, marafiki wanaagana, na mwenye kibanda aliingia kwa mlango wa nyuma, akachukua rimoti mkononi mwa mtafsiri bila kusema samahani, na kijani cha uwanja kikajaa kizimba. Zilikuwa zimebaki kama dakika 10. Watu wa mpira walikuwa tayari mlangoni na miavuli yao. Mpwa wangu alinitazama kama mimi ndiye niliyefanya.

Nasema bila chuki kwamba hizo ndizo dakika ambazo mtu anayesubiri filamu mpya hawezi kuzikosa, na kuzikata ni sawa na kumhudumia mteja pilau na kuondoka na nyama. Watoto walirudishiwa shilingi 200 kila mmoja baada ya kelele nyingi. Watu wazima hatukurudishiwa kitu. Kwa hiyo ningekipa kibanda nyota mbili kati ya tano, na mtafsiri nne, moja nikiikata kwa sababu alizungumza juu ya muziki wa kaburini mwa Ben ambapo angeweza kunyamaza. Anayekwenda onyesho lijalo abebe kitu cha kukalia, akae upande wa kushoto ambako paa halivuji, na aulize kabla ya kulipa kama siku hiyo kuna mpira. Filamu mpya yenyewe, itakapotoka, nitaitazama katika ukumbi wa sinema wenye skrini ya kweli, hata kama nitakosa wa kuniambia nani ni baba mkubwa wa nani.

Mtafsiri alitoka nje pamoja nasi. Watu kama kumi na watano tulisimama chini ya upenu, maji yakitiririka kutoka kwenye bati mbele ya pua zetu, na yeye, bila kipaza sauti na bila picha, akaumalizia mwisho kwa mdomo. Alieleza jinsi Holland anavyoingia kwenye mgahawa ambako MJ anafanya kazi, mkononi ana karatasi ya maneno aliyoyaandika ili ajitambulishe upya, anaona plasta kwenye paji la uso la msichana, anaagiza kahawa, anaikunja karatasi na kuondoka. Alieleza kaburi la May. Kisha akaeleza chumba, akipima udogo wake kwa mikono: boksi chache, cherehani, vazi jipya alilolishona mwenyewe bila Stark wala mtambo, na mwenye nyumba anayemwonyesha mlango na kumkumbusha kwamba kodi ni tarehe mosi na asichelewe.

"Kodi!" wakasema watu watatu wanne, lakini kwa sauti ya chini kuliko asubuhi.

Mzee wa kiti cha plastiki alikuwa amesikiliza kwa makini. Alisema kwamba kama ni hivyo, basi huyo kijana wa tatu ndiyo kwanza anaanza, na kwamba yeye atakwenda kumtazama mwezi wa saba. Bodaboda wa Garfield hakumpinga. Mama wa bisi, aliyekuwa anafunga jiko lake, alikuwa bado anahesabu kitu vidoleni.

"Yaani rafiki zake wamemsahau, mchumba amemsahau, shule imemsahau," alisema. "Mji mzima ule, anayemjua kwa jina ni anayemdai tu."

Kisha akamgeukia mpwa wangu na kunyoosha mkono, kwa sababu ufunguo wa choo ulikuwa bado mfukoni mwake tangu saa 9.